Makocha wa Jimu, Tufundisheni Kuchuchumaa!



Kabla hamjanirushia mawe, nianze kwa kukiri kwamba na mimi nimebeba vyuma. Sio vile vya kung'aa vya kwenye sinema. Nazungumzia vyuma vyetu vya huku Nyanda za Juu Kusini: ekseli ya gari iliyokatwa, gia za lori, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji yakachomekwa bomba katikati. Kilo zake hazijulikani. Unaambiwa tu, "Anza na lile la kijani, lile jekundu ni la wakubwa."

Siku yangu ya pili kocha akaniwekea lile jekundu. Nikamwambia, "Kaka, mgongo unavuta." Akacheka, wenzake nao wakacheka. "Mwanaume halii, dogo. Bila maumivu hakuna mwili!" Nikavuta. Wiki tatu baadaye bado nilikuwa nafunga kamba za viatu nimekaa kitandani, kama mzee. Sitaji jimu wala kocha, maana ningemtaja yeye mngedhani tatizo ni la mtu mmoja. Sio la mtu mmoja ndugu zangu.

Hoja yangu ni hii: makocha wengi niliowaona, Njombe mjini, Makambako, mpaka huku kwetu upande wa Ludewa, wanatengeneza miili ya kuangaliwa. Miili ya kutumika hawana habari nayo.

Ingia jimu yoyote jioni uangalie. Jumatatu kifua. Jumanne mikono. Jumatano kifua tena, maana Jumamosi kuna harusi. Kuna kioo ukutani, na kila mtu anamsalimia mtu aliyeko kwenye kioo. Miguu je? Miguu iko ndani ya suruali, nani ataiona? Ndiyo maana tuna mabaunsa wenye mabega ya nyati na miguu ya korongo. Ukimwambia kocha akufundishe kuchuchumaa na mzigo na kuinuka vizuri, anakuangalia kama umemwomba akufundishe kusuka.

Jamani, sisi ni watu wa Mchuchuma! Jina lenyewe linatukumbusha kuchuchumaa, halafu hatuchuchumai!

Tuache utani. Mama yako asubuhi anafanya nini? Anachuchumaa, anajitwisha ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji ukiacha ndoo yenyewe, anainuka, anapanda nayo kilima. Hapo hakuna kifua wala mkono wa mbele. Kuna mapaja, makalio, mgongo na tumbo lililokazwa. Hivyo ndivyo viungo vinavyoendesha maisha ya mkoa huu, na ndivyo ambavyo makocha wetu hawana muda navyo.

Nenda sokoni Makambako ukawaone makuli wakipakia viazi. Gunia linahesabiwa kilo 100, lakini lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa, linapita hapo. Kijana mwembamba anaegemezwa gunia mgongoni, anapanda nalo ubao hadi juu ya lori. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema pale ambapo mwanaume mzima anabebeshwa zaidi ya kilo 55 kwa mikono, hatua zichukuliwe haraka kupunguza mzigo huo. Kilo 55! Hiyo ni kama nusu ya kinachobebwa pale, na ni tangu mwaka 1967.

Sasa nauliza. Hao ndio wanaume wenye nguvu kuliko wote mjini. Ni kocha gani amewahi kwenda kuwafundisha namna ya kuinua bila kukunja mgongo? Au mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno ili wafike miaka 50 wakitembea wima? Hakuna niliyemsikia. Tunawasubiri waje jimu na ada mkononi.

Kuna watakaosema, "Wewe mwandishi, watu wa huku wanalima, wanapasua mbao, wanabeba nguzo. Mazoezi ya nini tena?" Swali zuri. Kazi na mazoezi ni ndugu lakini sio pacha. Kazi haikuulizi jana ulilala vipi. Inakupa mzigo uleule, upande uleule wa bega, mpaka lori lijae. Mazoezi yana mpango: unaanza na unachokiweza, unaongeza kidogo, unapumzika, unaongeza tena. Mwili unajijenga wakati wa kupumzika. Ukimnyima mtu mapumziko unamchakaza tu, hata kama anatoka jasho la kuvutia.

Jambo hili si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa na askari wengi waliojeruhiwa magoti. Badala ya kuwapa mazoezi mepesi yasiyokwisha, aliwapa vyuma, akapima kila mmoja anaweza kiasi gani, kisha akaongeza hatua kwa hatua. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Majeruhi walipata nguvu! Angalieni basi: msingi wa kunyanyua vyuma kwa mpango ulipata umaarufu kwa kuwainua walioumia. Sisi tumeugeuza kuwa njia ya kuwaumiza wazima.

Hapo naomba niseme habari za shangazi yangu. Ana miaka sitini na kitu. Hana ugonjwa wa kutisha, lakini akikaa kwenye kigoda hainuki mpaka ashike ukuta au mjukuu. Nikamuuliza kocha mmoja kama anaweza kumsaidia. Akajibu, "Bibi aje kufanya nini huku? Atatufia!" Watu wakacheka tena. Jimu zetu zina vicheko vingi.

Lakini mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti katika jarida la madaktari, JAMA. Waliwachukua wazee 10 dhaifu wa nyumba ya kulea wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, wakawapa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8, kwa uangalizi. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Na shangazi yangu wa sitini na kitu anaambiwa atakufa.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kujimudu wasianguke, siku 3 au zaidi. Halikusema "kila kijana mwenye fulana ya kubana". Limesema kila mtu mzima. Mwishoni mwa mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Watu wakatoka kukimbia, jambo jema sana. Ila mbio peke yake hazitamwinua shangazi kwenye kigoda.

Makocha wana utetezi wao na nimewasikiliza. "Wateja ndio wanataka kifua, sisi tufanyeje?" Kocha, mgonjwa akija hospitali akitaka sindano ya malaria na hana malaria, daktari anamchoma? Ukishajiita mwalimu umekubali kumfundisha mtu asichokijua, sio kumuuzia anachokitamani.

Na kutamani huko ndiko kunakofungua mlango kwa wauza miujiza. Kijana amebeba miezi miwili, kifua hakijatuna, anaanza kunong'onezwa habari za vidonge na sindano za homoni. Dunia nzima iliona mwaka 1988 kule Seoul: Ben Johnson wa Canada alishinda mita 100, akapimwa, akakutwa na stanozolol, akanyang'anywa medali ya dhahabu. Medali ni kitu kidogo. Dawa hizo zinadhuru moyo na ini, zinasinyaza korodani na zinaweza kukunyima watoto. Mwanaume anatafuta uanaume kwenye sindano, sindano inamwondolea! Kocha mwenye heshima atasema wazi: kula maharage, mayai, dagaa na maziwa, lala, subiri.

Lakini sitaki niwe mchoyo wa sifa. Makocha hawa wamefungua milango pale ambapo vijana wengine jioni wanaishia kwenye ulanzi. Wametengeneza vifaa kwa mikono yao. Hapa nacheka kwa uchungu: chini ya ardhi ya Ludewa kuna Liganga yenye chuma kinachotajwa kufika tani milioni 126, na jirani yake Mchuchuma makaa ya mawe tani milioni 428. Mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011 tukapiga vigelegele, na hadi leo tunanyanyua saruji kwenye kopo la rangi. Hilo sio kosa la makocha. Na saruji inatosha kabisa, kilo ni kilo.

Kwa hiyo siwaombi mashine za Ulaya. Nawaomba mambo yasiyogharimu hata shilingi. Pima kila kopo kwenye mizani ya sokoni uandike kilo zake. Mgeni mwulize kwanza kama ana presha au mgongo mbovu, mwelekeze kwa daktari inapobidi. Mwanzishe na uzito wake mwenyewe kwanza. Fundisha miguu na mgongo kabla ya kifua. Tenga asubuhi mbili kwa wiki kwa kina mama na wazee. Na mtu akikwambia mgongo unavuta, mwambie aweke chini.

Nguvu za kwenye kioo zinaisha taa zikizimwa. Nguvu ninazozitaka mimi ni za kuli kurudi nyumbani wima, na za shangazi kuinuka kwenye kigoda bila kumwita mjukuu.

Kocha uliyekasirika, njoo tuongee. Lakini tuongee tumechuchumaa, tuone nani atainuka wa kwanza.

Naomba kuwasilisha.