Skrini Inakunjika, Bei Haikunjiki

Kuna watu wanataka tuamini kwamba simu ya kukunja ndiyo maendeleo yenyewe. Mimi nasema bado. Teknolojia ni poa. Shida ni jinsi tunavyouziwa.

Tuipe haki yake kwanza. Skrini ya OLED haihitaji taa ya nyuma. Kila kinukta hujiwakia chenyewe umeme ukipita, na penye weusi hukizima kabisa. Ndiyo maana inaweza kuwa nyembamba sana, ikawekwa juu ya plastiki badala ya kioo, ikakunjwa, hata ikaviringishwa. Hebu fikiria mhudumu wa afya kijijini akiwa na ramani ya kuviringisha, au mtoto wa shule na kitabu kimoja kilichobeba vyote, kikianguka hakipasuki. Hicho ningekipigia makofi.

Lakini tumeletewa nini? Mwaka 2019 Samsung ilitangaza Galaxy Fold kwa karibu dola 2,000. Aprili, kabla haijafika madukani, simu kadhaa walizopewa wanahabari kujaribu zikaanza kuharibika. Wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni ule wa kukinga kioo, kumbe ni sehemu ya skrini. Mauzo yakasogezwa hadi Septemba.

Tangu hapo zimeimarishwa, kweli. Kampuni ilijigamba kwamba skrini inahimili kukunjwa mara 200,000. Sawa, lakini aliyekunja ni mashine ya maabara, na mashine haipandi matatu. Haijui vumbi la Januari wala mvua ya Aprili. Vumbi likiingia kwenye bawaba huisukuma skrini kutoka chini. Unyevu ukipenya, zile kemikali zinazotoa mwanga hufa.

Sasa njoo kwa mfuko wako. Kioo cha simu ya kawaida kikipasuka, unashuka Luthuli Avenue, fundi anakubadilishia ukingoja, maisha yanaendelea. Skrini ya kukunja ikiharibika, mara nyingi unabadilishiwa pamoja na fremu na bawaba, kwa bei inayoweza kununua simu nyingine ya kawaida. Yaani unalipa zaidi ili uwe na usemi mdogo juu ya kitu chako mwenyewe.

Utaniambia kila kitu kipya huanza ghali. Ni kweli, hata simu ya mkono ilianza kwa mabwanyenye. Lakini iliyomfikia nyanya yako ni kabambe: ikianguka unaokota betri, unaokota mfuniko, unaunganisha, inawaka. Haikushuka bei tu, ilitengenezeka.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa bidhaa mwaka 2024. Sisi tunangoja nini? Vipuri viuzwe wazi, mafundi wetu wafunzwe, ndipo mtuletee hizo simu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Soko hili bado ni bichi. Tusipowakunja wenye viwanda leo, kesho watatukunja sisi.