Kabla Hujaniambia "Tulia", Mwambie Mheshimiwa Kwanza

Kuna biashara imeshika sana mitandaoni siku hizi. Mtu anachukua picha ya mlima wenye ukungu, anaweka muziki wa filimbi, halafu anaandika: kuwa kama maji, acha mambo yaende, usishindane na maisha. Chini anatia jina la Laozi. Watu wanashea, na wengine wanalipa pesa wafundishwe kutulia. Mimi niko hapa Nyamarambe, kijana wa miaka ishirini na kitu, niliacha chuo karo iliponishinda, na hayo maneno nimeletewa mara nyingi kuliko nilivyoletewa kazi. Tulia, yako inakuja. Tulia, maji hufuata mkondo.

Leo nataka tugombane na hiyo "tulia". Na Laozi sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na wale waliomgeuza mzee wa watu kuwa dawa ya usingizi.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana wengi wanaokitaja hawajawahi kukifungua. Tao Te Ching ni kitabu kidogo sana, sura 81, maneno ya Kichina kama 5,000 hivi. Mapokeo yanasema aliyeandika ni Laozi, ingawa wasomi bado wanabishana kama huyo alikuwa mtu mmoja kweli. Nakala za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa kwenye vipande vya mianzi, zikafukuliwa kaburini huko Guodian, China, mwaka 1993. Zina umri wa miaka 2,300 hivi. Wakati huo China ilikuwa falme nyingi zinazopigana kila mara. Mfalme anataka jeshi, jeshi linataka chakula, na mwenye shamba ndiye analipa yote.

Neno kubwa la Kitao ni wu wei. Watu wanalitafsiri "kutofanya kitu", ndiyo maana linapendwa na wavivu. Maana yake hasa ni kutolazimisha: kufanya jambo bila kupigana na jinsi lilivyo. Sasa swali langu ni moja tu. Kwenye hicho kitabu, nani anaambiwa asilazimishe?

Soma utaona. Mara nyingi anayeambiwa ni mtawala! Sura ya 17 inampanga juu kabisa yule kiongozi ambaye wananchi hata hawamsikii sana kwamba yuko, na chini kabisa yule wanayemdharau. Sura ya 60 inafananisha kutawala nchi kubwa na kupika samaki wadogo. Sisi tunaokula omena hatuhitaji profesa wa kutufafanulia hapo: ukiwageuza kila dakika, unabaki na unga kwenye sufuria. Halafu kuna sura ya 75, ambayo sijawahi kuiona kwenye picha ya mlima wenye ukungu. Inasema njaa ya watu inatokana na wakubwa kula kodi nyingi kupita kiasi, na watu wakiwa wagumu kutawalika, chanzo ni wakubwa haohao wanaoingilia kila kitu.

Umeona mchezo? Ushauri aliopewa mwenye nguvu umechukuliwa, ukageuzwa, ukapewa asiye na nguvu. Mfalme ndiye aliambiwa atulie. Leo anayeambiwa atulie ni mwenye boda.

Turudi Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya gari kila mwaka. Hayo mawili yaliondolewa baada ya watu kupiga kelele, lakini mswada uliobaki ukapita bungeni tarehe 25 Juni, siku ambayo vijana waliingia Bunge. Kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu si chini ya watu 60 waliokufa kwenye maandamano ya mwaka huo.

Siku hizo nani alikuwa analazimisha? Ukisoma hicho kitabu kwa uaminifu, aliyevunja wu wei ni yule aliyetaka kubana mpaka mkate. Lakini maneno ya "kuwa mpole, kuwa na subira" yalielekezwa wapi? Kwetu. Mzee anakwambia, kijana wangu, mvumilivu hula mbivu. Sawa, mzee wangu, nakuheshimu. Ila uliza pia nani anakula hizo mbivu tukiwa bado tunavumilia.

Na hata hayo maji wanayotuhubiria, wanayajua kweli? Hapa kwetu South Mugirango tuna mto Gucha. Ukishuka Migori unaitwa Kuja, unaendelea mpaka Ziwa Victoria. Huo mto haujawahi kutulia siku moja. Unapita chini, ndiyo, pale pabondeni ambapo hakuna mtu anataka kujenga. Ukikutana na mwamba unauzunguka, na huku unauzunguka unaula polepole. Pale Gogo, Migori, unazungusha mitambo ya umeme. Mvua ikizidi, watu wa Nyatike wanahama nyumba zao. Hiyo ndiyo picha ya maji iliyo kwenye sura ya 8 na ya 78: laini, yako chini, na hakuna kigumu kinachoyashinda. Bruce Lee alilielewa hilo, na vijana wa Hong Kong mwaka 2019 wakalichukua kwake wakiandamana: kusanyikeni, tawanyikeni, tokeeni kwingine. Kwa hiyo ukiniambia niwe kama maji, uwe na uhakika ndicho unachotaka.

Najua kuna mtu atasema, lakini mimi si mfalme, wu wei inanisaidia nini kwa maisha yangu ya kila siku? Swali zuri. Jibu liko Tabaka, hapo tu jirani.

Nenda umtazame mchongaji wa mawe ya Kisii akianza kazi. Hachukui jiwe lolote na kulilazimisha liwe twiga. Analigeuza, analilowesha, anaangalia rangi na mishipa yake, anatafuta ufa uko wapi. Jiwe lenye ufa katikati halitoi shingo ndefu, hata ukilia. Litatoa bakuli au kiboko aliyelala. Akishajua, anapiga patasi, na hapo hakuna utani, vumbi mpaka kope. Kisha akina mama wanasugua kwa msasa ndani ya maji mpaka jiwe linakuwa laini, linapakwa nta, linang'aa. Kazi za Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, zimefika mpaka makao makuu ya UNESCO, Paris. Hakuna aliyefika huko kwa kutulia.

Zhuangzi, mwandishi mwingine mkubwa wa Kitao, ana hadithi ya mchinjaji anayekata ng'ombe kwa kisu kilekile miaka 19 bila kukinoa upya, kwa sababu kinapita kwenye nafasi za viungo, hakigongi mfupa. Watu wa "tulia" wanaipenda hiyo hadithi kwa sababu inaonekana rahisi. Wanasahau kwamba huyo jamaa alikuwa anakata ng'ombe! Alikuwa kazini, tena alikaa miaka akijifunza mpaka mkono ukajua njia. Na anasema akifika penye viungo vilivyosongamana, anapunguza kasi na kuwa makini zaidi. Hiyo ndiyo wu wei ya mtu wa kawaida: ujuzi wa kujua mahali pa kupitisha kisu.

Sitaki pia kukuuzia kitabu kama asali tupu. Sura ya 3 inamshauri mtawala ashibishe matumbo ya watu lakini awaache bila maarifa mengi na bila tamaa. Hapo nakataa, mchana kweupe. Watu wasiojua ndio wanaibiwa vizuri. Lakini hata kwa ushauri huo mbaya, kushibisha matumbo kumo. Hawa wa kwetu wamechukua nusu ya pili wakaacha ya kwanza.

Kwa hiyo ukiletewa hekima ya kale, ya China, ya Misri au ya babu yako, angalia inaelekezwa kwa nani. Kama inamwambia mwenye nguvu apunguze, hiyo ni hekima. Kama inamwambia mwenye njaa apunguze, hilo ni tangazo la biashara. Na kwa kazi yako mwenyewe, soma jiwe lako kabla hujapiga patasi, lakini piga.

Mimi sina digrii na sina mlima wenye ukungu. Nina simu yenye kioo kilichopasuka na mto Gucha pale chini, unaopita usiku na mchana bila kumuomba mtu ruhusa. Anayetaka kuhubiri utulivu aanzie Nairobi, kwenye ofisi zenye zulia. Akimaliza huko, aje Nyamarambe. Atatukuta tunafanya kazi.