Okidi ya Porini Tuiache Palepale

Mkimbizi anayetafuta maua mlimani huchekwa. Kodi ya nyumba hujalipa, unapanda kilima kuangalia nini? Hilo mimi silijibu, kutembea ni bure. Swali zito ni lile ambalo vijana wenzangu wa Kabuga wameanza kuuliza: tukiiona okidi, kwa nini tusiing'oe tukauza mjini? Watu wananunua maua ya kwenye chungu, na sisi pesa tunaihitaji.

Nasema hapana.

Okidi si mchicha, jamani. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, haioti mpaka ikutane na aina ya kuvu ya kuilisha. Zile za juu ya miti hazinyonyi mti kama wengi tunavyodhani. Zinashika gome tu, zinakunywa mvua na ukungu. Iweke kwenye udongo wa bustani, mizizi inaoza. Mteja atarudi na chungu chake mkononi.

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, watu walichimba viazi vya okidi vikapelekwa Zambia kupikwa chikanda. Biashara ikawa kubwa, mimea ikapungua. Kitulo, wenyeji wanapoita Bustani ya Mungu, pakafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Sisi hapa hata hatuna Kitulo. Vilima vya Kabuga vimelimwa, vingine ni mikaratusi mitupu. Msitu wa Nyungwe una aina zaidi ya 100 za okidi, lakini ni mbali na kuingia ni kulipa. Kwa hiyo ukikuta mche mmoja kwenye mwamba huku kwetu, ukiung'oa huenda umemaliza kilima kizima. Na ukivuka nao mpaka bila kibali, mkataba wa CITES unahusu okidi zote. Mkimbizi na kesi ya mpakani, bana, hapana.

Kwa nyinyi wa mashirika: cherehani tumezipokea, asante. Sasa tufundisheni majina ya mimea na kazi ya kuongoza wageni. Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na okidi ileile inaweza kuonyeshwa kila msimu wa maua.

Jumamosi tunapanda tena. Leteni maji na viatu vya kufunga. Picha pigeni, ila zimeni lokesheni ya simu kwanza, na jina la kilima msiliandike.