MAONI: Kuacha ya nyuma si kusahau shamba wala kaburi



Tangu kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zilipobaki tupu mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi zimebadilisha maisha mara ya pili, ya tatu, hata ya nne. Walitoka kijijini wakaingia kambini, wakatoka kambini wakarudi kijijini, na wengine walipokuta nyumba imebomolewa na shamba linalimwa na mtu mwingine, wakageuka tena kuja mjini. Makanisani wanakutana na neno moja karibu kila Jumapili: sahau ya nyuma, songa mbele.

Neno hilo ni zuri na limo katika Biblia. Lakini namna tunavyolihubiri, mara nyingine linawaumiza watu ambao wamekwisha kuumia. Mjane anaambiwa asahau mume wake ambaye hata hakumzika. Baba anaambiwa asiulize tena habari za shamba lake, kwa sababu kuuliza ni kukosa imani. Kwa maoni yangu, hiyo siyo imani ya Kikristo. Tusome vizuri.

Anayetajwa sana ni mtume Paulo, katika barua yake kwa Wafilipi, sura ya 3. Wengi wanaanzia pale anaposema anasahau yaliyo nyuma. Wakianza juu kidogo wataona ni yapi aliyoyaacha. Paulo anahesabu heshima zake: kabila lake la Benyamini, elimu yake ya Kifarisayo, sifa yake mbele ya watu wa dini. Hayo ndiyo anayoyaita hasara. Tena aliandika akiwa kifungoni, si akiwa ameketi salama. Na katika orodha ile ile anataja wazi kwamba alilitesa kanisa. Kwa hiyo hakufuta kumbukumbu. Aliacha cheo chake cha zamani kisiendelee kumtawala.

Hapo kuna somo kubwa kwetu. Kuna mzee aliyekuwa na ng'ombe wengi Masisi, watu wakamwita kwenye kila baraza. Leo yuko mjini, na kazi iliyopo ni kusukuma tshukudu au kubeba mchanga. Anaona haya, anakaa nyumbani, watoto wanalala bila kula, na hasira yote inamwangukia mke wake. Kwa mzee huyo, kuacha ya nyuma ni kusema: heshima yangu haikuwa katika ng'ombe, iko kwa Mungu aliyeniumba, basi nitasukuma tshukudu. Kuna mama aliyekuwa na duka na sasa anauza makala kwa mafungu barabarani. Akifanya hivyo bila kujidharau, huyo amemwelewa Paulo kuliko sisi tunaopiga kelele kwenye maikrofoni.

Mwingine ni Yosefu. Ndugu zake walimuuza, akafika Misri kama mtumwa. Alipopata mtoto wa kwanza alimwita Manase, kwa maana kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake. Lakini ndugu zake walipokuja kutafuta chakula, Yosefu alilia. Aliwaambia ukweli wa mambo waliyomtendea, akawasamehe, akawapa chakula. Na kabla ya kufa aliwaapisha Waisraeli kwamba siku watakapotoka Misri wabebe mifupa yake. Musa aliibeba, ikazikwa Sikemu. Mtu aliyesema Mungu amemsahaulisha hakusahau hata siku moja kwao ni wapi.

Basi kusamehe na kusema ukweli vinaweza kukaa katika moyo mmoja. Kinachotakiwa kuachwa ni kisasi: ile nia ya kumlipa jirani kwa ajili ya kabila lake, ile hadithi tunayowapa watoto jioni ili wachukie watu ambao hawajawahi kuwaona. Hiyo tuiache, kwa sababu ndiyo inayozaa vita vya kesho. Lakini mwanamke akimpeleka mahakamani mtu aliyemtendea uovu, asiambiwe kwamba hajasamehe. Msamaha ni kazi ya moyo wake, haki ni kazi ya mahakama.

Kwa wale waliokaa kati, hawajui kama watarudi au watabaki, namkumbuka nabii Yeremia. Aliwaandikia watu waliopelekwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji walimo, kwa kuwa safari yao ingechukua miaka 70. Maana yake, usisimamishe maisha ukingoja kurudi. Mtoto aingie shule ya hapa ulipo. Panda lengalenga hata kwenye kipande kidogo pembeni ya nyumba.

Lakini Yeremia huyo huyo, wakati adui ameuzingira Yerusalemu, alinunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Mashahidi walitia sahihi, na hati ikawekwa ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Nawasihi wachungaji na mapadri mhubiri hata sura hiyo, ya 32. Mtu wa Mungu alitunza karatasi za shamba wakati hakuna aliyeweza kulilima.

Nasi tufanye hivyo. Chukua daftari, andika jina la kijiji, mipaka ya shamba lako, mti au mto unaolitenganisha na la jirani, na majina ya wazee wanaojua. Andika na majina ya marehemu wako na mahali walipolala. Weka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto. Ukiwa na simu, piga picha. Kisha omba, lala, na kesho asubuhi nenda kutafuta kazi.

Kwa viongozi wa makanisa ninaomba jambo moja. Mtu akifika kwenu na huzuni yake, msikilizeni kwanza, hata kama ni wiki nyingi, kabla ya kumwambia asonge mbele. Atasonga tu, akiona kuna mtu anayetembea naye.