Nyumba za Kupanga Moshi: Ugumu Uko Katika Malipo ya Awali

Mtumishi anayehamishiwa Moshi akiwa na familia ndogo kwa kawaida hutafuta nyumba ya vyumba viwili vya kulala, yenye sebule, jiko, choo cha ndani na mita yake ya LUKU. Nyumba za aina hiyo zipo Soweto, Rau, Longuo, Pasua na hata Kiboriloni. Kinachowakwamisha wengi si kodi ya mwezi, bali fedha zinazotakiwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Ikichukuliwa kwa mfano nyumba ya shilingi 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, mpangaji hutoa shilingi 1,200,000. Dalali naye hudai ada yake, ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 1,400,000. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Hata baada ya nyongeza hiyo, malipo hayo yanakaribia mishahara mitatu mizima, kabla ya makato na kabla ya kununua hata sufuria. Kwa mchuuzi wa ndizi anayepata riziki yake siku kwa siku, hesabu hiyo ni ngumu zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye uwezo wa kulipa kodi kila mwezi bila kuchelewa huishia kwenye chumba kimoja cha choo cha pamoja.

Mahitaji nayo yanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 184,292 katika Manispaa ya Moshi. Ya mwaka 2022 ilihesabu 221,733. Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Chuo Kikuu cha Ushirika na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Mwenge huleta wanafunzi na wafanyakazi wanaohitaji makazi mjini. Mji wenyewe hauna nafasi kubwa ya kutanuka kuelekea mlimani. Huko Kibosho, Uru na Old Moshi ardhi ni vihamba vya migomba na kahawa, vinavyorithiwa ndani ya ukoo na visivyouzwa kirahisi. Wapo wanaojenga nyumba za kupangisha kandokando ya barabara, lakini anayepanga huko huongeza nauli ya kila siku kwenye bajeti yake.

Hali haikuwa hivi daima. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilisimamia viwango na migogoro ya upangaji hadi ilipofutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kiwango cha kodi na muda wa kuilipa vimebaki kuwa makubaliano ya pande mbili. Ni kweli kwamba mwenye nyumba ana sababu zake: wengi hujenga kwa akiba au mkopo, na fedha za miezi sita ndizo zinazopaka rangi na kukarabati paa. Hata hivyo, makubaliano hayo si ya walio sawa pale mmoja anapokuwa na ufunguo na mwingine ana mizigo barabarani.

Jambo jingine linalopaswa kueleweka mapema ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, ingawa mdaiwa ni mmiliki. Kwa hiyo ni busara mkataba uandikwe, utaje namna fedha hizo zitakavyorejeshwa au kukatwa kwenye kodi ya pango, muda wa notisi, na nani anayelipia ankara ya maji ya MUWSA. Mgogoro ukishindikana kusuluhishwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mkataba wenye saini na stakabadhi za malipo ndivyo vinavyoulizwa kwanza.