Mwandani si Chombo: Hoja dhidi ya "Mhusika Msaidizi"

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kumwita "mhusika msaidizi" kila asiyekuwa shujaa, kisha uchambuzi ukakomea hapo. Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Ushahidi wetu wa kwanza unatoka mahali ambapo baadhi ya wenzetu hawatarajii kuikuta fasihi: michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huongoza kundi la wasafiri, akachagua wandani, akawatoa kundini na kuwabadilisha apendavyo. Wanafunzi wetu wa Mji wa Kale wanaifahamu michezo hii kutuzidi.

Katika Wizardry (1981), kundi lina watu wasiozidi sita, na mwandani ni jumla ya tarakimu: nguvu, akili, uchaji, wepesi, bahati. Akifa na jitihada za kumfufua zikashindikana, mchezaji hurudi mjini, akaunda mwingine, akamchukua kilabuni, na safari ikaendelea. Hakuna amliliaye. Huyu ndiye hasa mhusika msaidizi wa vitabu vyetu vya nadharia: ana kazi, hana nafsi.

Katika Baldur's Gate (1998) nafasi ni sita vilevile, lakini Khalid na Jaheira ni mume na mke. Mchezaji akimtoa mmoja, wa pili naye huondoka. Anayetaka kumbadilisha mume kwa mpiganaji hodari zaidi hana budi kukubali kumpoteza na mke. Aidha, kundi likisifika mno kwa wema, wandani waovu hujitoa wenyewe. Mwandani hapa ana uhusiano na ana msimamo. Kwa hiyo kumtoa si hesabu tena, bali ni tukio la kisimulizi, na uzito wake hupimwa kwa kile kiondokacho pamoja naye.

Itasemwa kwamba hizo ni kanuni za programu tu. Jawabu letu ni kwamba kanuni hizo zinafanya kazi ifanywayo na msuko katika riwaya: zinaamua nani aweza kuachwa, na kwa gharama gani. Mhakiki asiyeliona jambo hilo katika mchezo hataliona katika utenzi wala katika tamthilia.

Wala hataliona katika historia ya fasihi, ambayo nayo ni masimulizi yenye mashujaa wake. Tuutazame mji wetu huu wa Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za Wamazrui, alifariki mnamo 1840. Sehemu kubwa ya mashairi yake imetufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa hapa hapa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliyakusanya na kumpatia mmisionari W. E. Taylor. Mwaka 1940, William Hichens aliihariri diwani iliyochapishwa Johannesburg. Katika tasnifu ninazozisahihisha, safu ni ile ile: Muyaka, Taylor, Hichens. Sikujua, akitajwa, ni "msaidizi wa Taylor". Amechukuliwa kundini kwa sababu anao ufunguo. Mlango ulipofunguka, nafasi yake akapewa mhariri.

Lakini jaribu kumwondoa Sikujua. Haondoki peke yake: sehemu kubwa ya diwani huondoka naye. Taylor hana cha kuhifadhi, Hichens hana cha kuhariri, nasi hatuna cha kufundisha. Je, mtu wa namna hiyo ni msaidizi wa nani?

Hatudai kwamba wahusika wote wana uzito sawa. Tunachodai ni kwamba uzito uchunguzwe kabla ya jina kutolewa. Istilahi "mhusika msaidizi" inatoa hukumu kabla ya ushahidi, na tunapendekeza iachwe katika mihadhara na mitihani ya idara. Mahali pake mwanafunzi aulizwe swali moja juu ya kila mwandani: akitoka, ni nani na nini vitakavyotoka pamoja naye?