Pumziko la Nani?



Neno «kujitunza» linasikika sana siku hizi midomoni mwenu, hasa Posho asubuhi. Kijana huamka saa nne, hujifunika shuka tena, na kusema kwamba leo anajitunza. Sina ubishi naye. Mwili si chuma, na hata chuma huliwa na kutu. Ninalouliza ni jambo jingine: wakati yeye anapumzika, nani ameteka maji?

Tuitazame Posho ilivyo katika nyumba nyingi za Bukavu. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Nyumba ikihitaji bidoni tano tu, hizo ni kilo 100 za kupandishwa mlimani kwa mgongo. Baada ya maji kuna nguo za juma zima na sare za shule. Kuna sombe, ambayo haina budi kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Makala yanateketea na mpishi hawezi kuondoka mekoni. Kazi hizi hufanywa na mama, na dada, na yule binti wa ndugu aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa. Kaka naye akisha kurudi kutoka salongo, huhesabu kwamba kazi yake ya siku imekwisha. Hukaa kivulini na kungoja bugali.

Mimi siliiti hilo pumziko. Ni kazi iliyohamishwa kutoka mgongo mmoja hadi mwingine.

Someni sura ya 5 ya Kumbukumbu la Torati. Amri ya kupumzika haimhusu bwana wa nyumba peke yake. Inawataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni anayekaa mjini. Katika kitabu cha Kutoka, sababu ya amri ni kazi ya uumbaji. Hapa sababu ni kumbukumbu ya utumwa wa Misri. Waliochapwa ili watengeneze matofali hawana haki ya kuwa wasimamizi wa matofali nyumbani mwao. (Mke hakutajwa katika orodha ile. Wafafanuzi wengine husema amekwisha kuingizwa ndani ya neno «wewe». Heri mambo yangekuwa hivyo jikoni!) Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1247, nayo inawataka waamini wote waache Siku ya Mungu shughuli zinazozuia utulivu wa roho na mwili. Waamini wote, si wavulana tu.

Najua jibu litakalotolewa: mvulana akionekana anatwanga sombe, majirani watacheka. Wacheke. Mvulana huyo huyo akiingia seminari ndogo atafua nguo zake, atafagia bweni na kuosha sahani, na kijiji kizima kitamsifu kwa malezi mema. Kwa nini kazi iliyo heshima kule iwe aibu uani kwa mama yake?

Kuhusu usingizi nitasema machache. Wataalamu wanashauri saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Kwetu umeme mara nyingi hurudi usiku wa manane, na nyumba nzima huamka: huyu anapiga pasi, huyu anachaji simu, huyu anajiandaa kwa mtihani wa Serikali. Basi kulala mchana wa Posho si uvivu, na wazazi wasiwaite wavivu. Lakini kulala na simu usoni, ukipitia habari za vita na picha za maiti hadi saa saba za usiku, huko ni kukesha. Ukiamka, umechoka kuliko ulivyojilaza.

Tena tusiwalaumu wavulana peke yao. Mashirika yetu ya parokia yameijaza Siku ya Mungu hadi pomoni: misa, kisha mkutano wa vijana, kisha mazoezi ya kwaya, kisha kikao cha kuandaa kikao kingine. Binti aliyefua Posho nzima hurudi nyumbani jioni na kukuta vyombo vinamngoja. Ningependa kila kundi liache alasiri moja ya Siku ya Mungu kila mwezi bila mkutano wowote, na kiongozi asitafute la kuijaza.

Na Posho je? Kila mvulana alete bidoni mbili kabla ya jua kuwa kali, na afue nguo zake mwenyewe. Kazi ikigawanywa hivyo, nyumba nzima inaweza kuketi saa tisa, mama akiwemo, naye akiwa na kiti chake. Hapo sukeni nywele, chezeni karata, lala ukitaka, au zungumzeni na babu.

Mkutanapo safari ijayo, waulizeni mabinti swali hili kabla ya mengine yote: Posho iliyopita uliketi saa ngapi? Wavulana wasijibu kwa niaba yao. Waandike saa zile ubaoni.